Tahadhari: "Tunarifakta Tu" Isipite Bila Kukaguliwa

Mwenye zamu ya mfumo wa malipo, soma hili kabla hujaidhinisha mabadiliko ya leo. Siku hizi kila anayegusa programu husema anarifakta. Anayefuta nusu ya faili anarifakta. Anayeongeza makato mapya anarifakta. Na aliyeiachia akili bandia iandike upya moduli nzima wakati yeye anakunywa chai, naye eti anarifakta. Neno limegeuzwa hirizi ya kukwepa ukaguzi.

Martin Fowler, ambaye kitabu chake cha 1999 kililieneza neno hili, aliliwekea mpaka: msimbo unapangwa upya kwa ndani, lakini kwa nje programu inafanya yaleyale. Risiti ya jana ndiyo itoke leo, senti kwa senti. Ikipungua senti moja, hiyo ni kazi nyingine, iombewe ruhusa kwa jina lake.

Tazama mabadiliko ya ndani yasiyojaribiwa yanavyogharimu. Knight Capital, kampuni ya Marekani ya biashara ya hisa, ilikuwa na programu kuukuu ya kutuma oda za hisa, Power Peg, iliyoacha kutumika 2003 lakini haikufutwa. Mwaka 2005 sehemu inayohesabu hisa zilizokwisha kununuliwa au kuuzwa ilihamishiwa pengine katika msimbo. Power Peg haikujaribiwa tena. Imelala, nani ahangaike nayo? Tarehe 1 Agosti 2012 kampuni ikaanza kutumia toleo jipya lililowashwa kwa swichi ileile ya zamani ya Power Peg, na seva moja kati ya nane ikasahauliwa kuwekewa toleo hilo. Soko lilipofunguliwa, seva hiyo ikaiamsha Power Peg, nayo, isijue tena oda ipi imetimia, ikatuma nyingine na nyingine. Dakika 45 tu, hasara ikapita dola milioni 460.

Kwa hiyo "rifakta" isiyo na majaribio yaliyoandikwa kabla ya msimbo kuguswa, irudishe. Majaribio yaliyorekebishwa siku hiyohiyo ili yapite, yakatae pia. Msimbo usiotumika ufutwe, usihifadhiwe kwa huruma.

Na kama mabadiliko yamekwisha kupandishwa na hesabu hazilingani, simamisha malipo kwanza, ndipo uguse toleo. Knight walikimbilia kuondoa toleo jipya kwenye zile seva saba zilizokuwa nzima, wakaacha oda zikiendelea kuingia. Nazo zote saba zikaanza kufanya kama ile ya nane.