Mzigo usioujua usiufungue, hata ukiuziwa bei ya kutupa

Leo tuachane kidogo na wateja wanaouliza bei halafu wanapotea. Nina jambo linalowahusu hasa nyie mnaouza skrepa, mashine zilizotumika na vifaa vya mtumba.

Mwaka 1987, mji wa Goiânia, Brazili. Kliniki ya kutibu saratani ilihama ikaacha mashine yake ya mionzi kwenye jengo lililotelekezwa. Watu wawili wakaingia, wakang'oa chuma cha ndani, wakamuuzia mnunuzi wa skrepa. Usiku akaona kinatoa mwanga wa bluu. Akajua kapata mali! Akaita ndugu na marafiki waje waone, wengine akawagawia punje waende nazo nyumbani. Kumbe ni sesiamu 137, kitu cha mionzi mikali.

Aliyeshtuka ni mke wake. Aliona watu wanaugua mmoja baada ya mwingine, akahisi ni kile kitu. Kikawekwa kwenye mfuko, akapanda nacho basi hadi ofisi ya afya. Aliokoa wengi, yeye akafariki. Jumla walikufa watu 4, mmoja mtoto wa miaka 6. Watu zaidi ya 100,000 walipimwa, 249 wakakutwa na mionzi mwilini au kwenye nguo. Nyumba zikabomolewa. Na wafanyabiashara sikieni hapa: wateja walikimbia hata mazao ya mkoa ule yasiyo na kosa lolote.

Kuna atakayesema hao hawakusoma. Sikubali. Mwaka 2010 huko Delhi, India, chuo kikuu kiliuza kwa mnada mashine ya zamani yenye kobalti 60. Mafundi wa skrepa wakaikata, mmoja akafariki. Waliouza ni wasomi! Kwa hiyo mnada na risiti havitoshi kukuhakikishia mzigo ni salama.

Msimamo wangu: mwenye kosa ni anayetelekeza kitu kama hicho. Ila kosa lake, anayeungua ni wewe na wanao. Ndiyo maana usisubiri yeye awe mwaminifu.

Fanya hivi:
1. Kifaa kimetoka hospitali, kiwandani au maabara? Uliza kilikuwa kinafanya kazi gani. Muuzaji akibabaika, achana nacho.
2. Angalia alama ya mapanga matatu kama feni, mara nyingi kwenye rangi ya njano. Ila alama inaweza kuwa imefutika.
3. Chuma kidogo lakini kizito kupita kawaida, usikikate wala kukifungua.
4. Ukishuku, kaa mbali, zuia watu, nawa mikono, piga simu polisi. Kwa Tanzania wahusika ni Tume ya Nguvu za Atomiki. Usikibebe kuwapelekea, waache waje wenyewe.

Hela ya mzigo mmoja utaitafuta tena, afya huipati dukani. Una rafiki anayenunua skrepa? Mtumie hii leo.