Hobi nyingine hazimharibii mkusanya baiskeli

Mshika mbili moja humponyoka: ndivyo anavyoambiwa kila anayekusanya baiskeli za zamani huku ana njiwa wa kulisha, mazoezi ya kwaya ya kuhudhuria au bustani inayosubiri maji. Anaambiwa achague. Kama kweli anazipenda Raleigh za Nottingham, Phoenix za Shanghai au Swala za Tanzania, basi Jumamosi zake zote ziwe za spana na grisi, na kila shilingi ya ziada iende kwenye rimu na tandiko. Ushauri huo hutolewa kwa nia njema, lakini unampeleka mtu pabaya. Hobi nyingine, ikiwa ni ya namna inayofaa, ndiyo inayouweka mkusanyiko wa baiskeli katika kiasi ambacho mikono ya mtu mmoja inakimudu. Na baiskeli isiyotunzwa, iwe ya mwaka gani, haijahifadhiwa. Imecheleweshwa tu kufika kwa wanunuzi wa chuma chakavu.

Tatizo linaanzia kwenye chombo chenyewe. Mkusanya stempu anaweza kuweka stempu elfu moja ndani ya albamu mbili tatu, akazifungia kabatini na kwenda zake miaka mitano. Akirudi, kama mchwa na unyevu havikufika, atazikuta alivyoziacha. Baiskeli ya mtu mzima yenye rimu za inchi 28 ina urefu unaokaribia mita mbili na usukani wenye upana wa zaidi ya nusu mita. Kumi zikisimama bega kwa bega zimemaliza chumba cha kulala. Hata hivyo nafasi ni shida ndogo. Tyubu hupoteza upepo polepole hata bila kutoboka, na upepo ukiisha, uzito wote wa baiskeli huangukia kunjo moja la tairi, mpira ukapasuka hapohapo. Grisi iliyo ndani ya habu na kwenye shingo ya foki hukauka na kugandamana, kisha siku baiskeli inapoendeshwa tena gololi huanza kulana na vikombe vyake. Tandiko la ngozi, kama yale ya Brooks ya Uingereza, hukakamaa na kuchanika kwenye ribiti. Nikeli na kromu huonekana nzima huku kutu ikitambaa chini yake; na kwa anayeishi Tanga, Mombasa au Unguja, ambako upepo wa bahari una chumvi, uharibifu huo huenda kasi kuliko Dodoma au Nakuru. Breki zile za zamani, zinazovutwa kwa fimbo za chuma badala ya waya, hukwama kwenye kila kiungo. Kuzuia yote hayo hakuhitaji ufundi mkubwa. Kunahitaji mkono wa mtu: pampu, kitambaa, tone la mafuta, gurudumu kuzungushwa, mara kwa mara na bila kusahau. Baiskeli tatu zinaupata mkono huo bila mwenyewe kuchoka. Thelathini ni ajira, tena ajira isiyo na mshahara.

Itazame kwa karibu habu ya nyuma ya gia tatu, ile ya Sturmey-Archer aina ya AW iliyofungwa kwenye baadhi ya Raleigh. Kwenye ganda lake zimepigwa chapa herufi hizo mbili, na mara nyingi tarakimu mbili za mwaka pia: 52 ni 1952. Kuna tundu dogo la kutilia mafuta lenye kifuniko chake, na upande wa kulia wa ekseli huchomoza mnyororo mwembamba unaovutwa na waya wa gia. Ndani, vigia vinne huzunguka gia moja iliyokaa katikati. Gia ya chini hupunguza mwendo kwa robo, ya juu huuongeza kwa theluthi, na ya kati huenda sawa na mnyororo. Kinachopokea nguvu ya mguu ni ndimi ndogo za chuma zinazosukumwa na springi nyembamba mno. Habu hii ikipata matone machache ya mafuta mepesi na ikaendeshwa, hufanya kazi nusu karne na zaidi. Ikiachwa, mafuta ya zamani hugeuka gundi, ndimi hubana, na mguu unakanyaga hewa. Mara nyingi dawa yake ni kuisafisha kwa mafuta ya taa, kuitia mafuta mapya na kuiendesha kidogo. Lakini lazima awepo mtu wa kutambua mapema kwamba imeanza kubana, na jambo hilo halitambuliki kwa kuitazama baiskeli ikiwa imeegemezwa ukutani. Hutambulika kwa kuipanda. Mkusanyaji asiyeweza kuzipanda baiskeli zake zote ndani ya msimu mmoja hajui hali ya mali yake. Anajua idadi yake tu.

Hapo ndipo hobi nyingine zinapoingia, na hapo ndipo watoa ushauri wanapokosea. Wanadhani hobi zote hugombea kitu kimoja, yaani muda, na kwamba saa inayokwenda kwa njiwa imeibwa kwa baiskeli. Hobi hazifanani namna hiyo. Njiwa hula kila asubuhi na hawajui kesho. Mchicha wa kiangazi hunyauka ukikosa maji siku mbili. Kwaya na timu ya mpira ya mtaani zina siku zake, na kuna watu wengine wanaosubiri. Shughuli hizi hazikubali kuahirishwa, lakini hazichukui chumba cha baiskeli, na zikimalizika kwa siku hiyo zimemalizika. Baiskeli, kwa upande wake, huvumilia wiki, huvumilia hata mwezi. Isichovumilia ni miaka. Ndiyo maana vitu hivi viwili hukaa pamoja vizuri. Masika barabara zikiwa tope na bustani ikimwagiliwa na mvua, mtu huifungua baiskeli moja ndani ya nyumba, akaziosha gololi moja moja na kuzirudishia. Kiangazi huiendesha alfajiri, na jioni yuko bustanini. Ugomvi wa kweli uko kwingine. Anayekusanya baiskeli pamoja na redio za mbao, cherehani za Singer na saa za ukutani ana hobi moja tu, ya kujaza nyumba, kwa kuwa vitu hivyo vyote vinakula nafasi ileile, mfuko uleule na kazi ileile ya kupambana na kutu na vumbi. Huyo ndiye wa kuambiwa achague, na aambiwe mapema.

Iko faida nyingine ambayo naiona kubwa kuliko ya ratiba. Mtu asiye na kingine cha kufanya mwisho wa wiki huona kila mzoga wa baiskeli unaouzwa kuwa unastahili kuokolewa: fremu tupu, rimu zilizopinda, madigadi bila keria. Hununua kwa sababu ana muda wa kujidanganya kwamba ataitengeneza. Mwenye miadi na watu wengine analazimika kuuliza kabla ya kutoa pesa kama kazi hiyo ataifanya lini. Kulijibu swali hilo kwa ukweli ndiyo kazi ngumu ya mkusanyaji, na wengi hawaulizwi na mtu mpaka nyumba iwe imejaa.

Ndugu wawili wa Dayton, Ohio, Wilbur na Orville Wright, wanafaa kutajwa hapa, ingawa kwao baiskeli ilikuwa biashara na si mkusanyiko. Walikuwa na mtambo wa uchapaji tangu mwaka 1889, wakafungua duka la baiskeli mwaka 1892, wakaanza kutengeneza baiskeli zao wenyewe mwaka 1896, na huku nyuma wakawa wapiga picha wanaosafisha picha zao nyumbani. Kisha wakaingiwa na shauku ya kuruka angani. Kwa kipimo cha methali yetu, hao ni watu wa kuponyokwa na kila kitu. Lakini mwaka 1901, walipotaka kujua upepo unasukumaje bawa, walifunga gurudumu la tatu, likiwa limelala, mbele ya usukani wa baiskeli, wakabandika juu yake vipande vya kupimia na kupiga pedeli kwa nguvu mitaani. Ndege yao ya 17 Desemba 1903 iliendesha mapanga yake kwa minyororo. Picha ya ndege hiyo ikiinuka ilipigwa kwa kamera yao wenyewe. Na duka halikuachwa yatima, kwani mwaka huohuo wa 1901 walimwajiri fundi, Charlie Taylor, alishike wakiwa safarini, na ndiye baadaye aliyeitengeneza injini ya ndege. Hobi moja ililipa deni la nyingine kwa sababu walikubali kwamba hawawezi kuwa kila mahali, wakapanga nani abaki na nini.

Anayepinga atasema kwamba hesabu hii ya baiskeli mbili tatu ni ya kibinafsi mno. Raleigh iliacha kuunda baiskeli Nottingham mwaka 2002. Kila mwaka nyingine za zamani zinakatwakatwa na kupimwa kwa kilo. Kama wachache wenye mapenzi hawatazikusanya kwa mamia, wajukuu watazijua kwa picha tu. Hoja hii ina uzito na nisingependa kuipuuza. Ila mkusanyiko mkubwa unaotegemea mfuko mmoja huwa salama kadiri mfuko huo ulivyo salama. Familia ya Schwinn ya Chicago ilikuwa na kiwanda mashuhuri kabisa cha baiskeli nchini Marekani, na ilikuwa na mkusanyiko wa hali ya juu. Kampuni ilifilisika mwaka 1992, na mwaka 1997 baiskeli zikapigwa mnada. Bahati yake ni kwamba mnunuzi mmoja alizichukua nyingi na kuziwekea jumba la makumbusho huko New Bremen, Ohio. Mkusanyaji wa Morogoro au Kisumu akifariki na kuacha baiskeli sitini zenye kutu, mnunuzi wa aina hiyo hayupo, na warithi watafanya ambalo warithi hufanya. Urithi hulindwa vizuri zaidi na watu ishirini wenye baiskeli tatu tatu zinazotembea, wanaofahamiana na kuazimana vipuri. Kuazimana huko si jambo dogo. Raleigh ilitumia nyuzi za skrubu za kwake yenyewe, 26 kwa inchi, pale ambapo kipimo cha kawaida cha vikombe vya ekseli ya pedeli ni 24, kwa hiyo kikombe cha dukani hakiingii. Fremu tano zilizofungiwa kwa mtu asiyezigusa ni vikombe kumi ambavyo mafundi wa mji mzima hawatavipata.

Wengine huja na hoja ya ujuzi: anayegawanya akili yake hawezi kuwa bingwa wa lolote. Kwa mpiga kinanda ningekubali. Kwa mkusanya baiskeli sikubali, kwa sababu sehemu kubwa ya ujuzi wake hutoka nje ya baiskeli. Anayejua kushona ngozi ndiye atakayeliokoa tandiko. Aliyezoea picha za zamani ndiye atakayeijua baiskeli kwa umbo la usukani na taa yake, kwa kuwa baiskeli ilikuwa pambo la studio katika sehemu nyingi za Afrika; Seydou Keïta, aliyefungua studio yake Bamako mwaka 1948, alikuwa nayo miongoni mwa vitu ambavyo wateja waliweza kupiga navyo picha. Tarehe iliyo kwenye habu inaweza kumdanganya mtu, maana magurudumu hubadilishwa, lakini picha yenye tarehe nyuma yake humrekebisha. Kinachomfanya mtu awe na ujuzi wa kina ni kupunguza aina za baiskeli. Ajue Phoenix kuliko yeyote mkoani, na aziache Humber na Hero kwa wengine.

Hoja inayoniumiza zaidi ni ya mwisho. Baiskeli kwetu bado inabeba ndizi, mkaa, madumu ya maji na abiria. Kuna mwanafunzi anayetembea saa nzima kwenda shule ilhali mtu mwingine amezitundika nane darini. Sioni jibu la kuzitetea nane hizo. Lakini pingamizi hili linashambulia ukubwa wa rundo, na rundo ndilo ninalolipinga nami. Mkusanyaji mwenye hobi nyingine, aliyejiwekea kikomo cha baiskeli tatu, akipata ya nne aliyoitamani analazimika kuiachia mojawapo, na kwa kuwa zote zinaendeshwa, inayotoka inatoka ikiwa nzima: mnyororo umekaza, breki zinashika, tairi zina upepo. Aiuze kwa bei ya baiskeli ya kazi, bila kudai bei ya vitu vya kale, na aanze na mtu wa jirani anayeihitaji kwenda shambani au shuleni. Mnunuzi apewe pia karatasi yenye namba ya fremu, mwaka ulio kwenye habu kama upo, vipuri vilivyobadilishwa na nyuzi za vikombe vyake, ili fundi atakayeifungua baada ya miaka kumi asilazimishe kikombe cha 24 kwenye fremu ya 26 na kuiharibu.