MGENI SI SHAMBA

Kijiji cha Kolo, wilayani Kondoa, kiko kando ya barabara kuu itokayo Dodoma kwenda Babati. Katika majabali ya milima yake zimo picha zilizochorwa na watu wa kale, ambazo UNESCO iliziingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Tangu barabara hiyo ilipofunguliwa kwa lami mwaka 2018, safari ya kwenda kuzitazama imekuwa nyepesi.

Jambo hili twalifurahia. Lakini wapo wasemao kwamba sasa Kolo na iishi kwa watalii. Hao hatukubaliani nao. Mwaka 2019 Tanzania ilipokea watalii zaidi ya milioni 1.5, mwaka 2020, maradhi ya Korona yalipozuia safari duniani, hawakufika hata 700,000. Je, aliyeweka jembe chini kwa ajili yao angekula nini?

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi mwenyeji na apone kweli. Wenyeji wa Kolo, ambao hata leo hufanya matambiko yao katika mapango hayo, ndio walinzi wake wa kwanza. Ni haki vijana wao wawe waongozaji wa wageni, na sehemu ya kiingilio ichimbe visima vya kijiji. Wala mtama na alizeti visiachwe.

Fedha ya mgeni na iwe kitoweo. Ugali hauna budi kutoka shambani.