Lopitalo haiko biro ya polisi

Wandugu wa Mutoshi, wa Kolwezi, wa Lualaba yote,

Kijana ameshuka mu shimo usiku, udongo umemwangukia, wenzake wamemtoa na mguu umevunjika. Akifika ku lopitalo, swali la kwanza lingekuwa: "Unaumwa wapi?" Lakini anaulizwa: "Uliumia mu karieri ya nani? Wewe mtu wa jimbo gani?"

Sisi wote tunajua majibu yanaenda wapi: ku polisi na ku walinzi wa makampuni. Ndiyo maana wengine wanabaki nyumbani, kidonda kimefungwa kitambaa, mpaka kinaoza.

Tukumbuke tarehe 27 Juni 2019. Udongo ulianguka ku KOV, mu eneo la Kamoto Copper Company, wachimbaji zaidi ya 35 wakafa. Kisha serikali ikatuma jeshi kuwaondoa wachimbaji. Juma hilo, nani mwenye kuumia angethubutu kuandikisha jina lake ku lopitalo?

Watatuambia: "Wanavunja sheria." Sawa, tusome sheria yote basi. Kifungu cha 73 cha Code pénal, kitabu cha pili, kinasema mganga, mkunga ao muuza dawa anayetoboa siri ya mgonjwa anaweza kufungwa mwezi 1 mpaka miezi 6, isipokuwa ameitwa kutoa ushahidi mbele ya tribinali, ao sheria yenyewe inamlazimisha. Simu ya komanda haiko tribinali! Na kifungu cha 47 cha Katiba kinahakikisha haki ya afya bila kuuliza mtu ametoka wapi.

Mu 2018 Angola ilipofukuza Wakongo kwa maelfu, tulilia hapa. Leo tunamuuliza ndugu aliyetoka Kasai alikuja kufanya nini kwetu. Si aibu?

Wauguzi, tunawaelewa: mshahara unachelewa, na mwenye bunduki amesimama mlangoni. Kwa hiyo tunawadai wakubwa wenu:

1. Fishi ya mgonjwa isionyeshwe polisi wala kampuni bila karatasi ya hakimu.
2. Mwenye silaha asiingie mu chumba cha wagonjwa.
3. Muuguzi anayekataa kutoa jina alindwe, asifukuzwe.

Siye tuko na diplome mfukoni, kazi hakuna. Wenzetu tuliosoma nao wamekwisha kushuka mu mashimo, na kesho inaweza kuwa zamu yetu. Mtu apone kwanza. Mengine atajibu mbele ya hakimu, akiwa amesimama na miguu yake mbili.

Hatutanyamaza.