Wiski ya miaka 80: Mwenye shayiri alilipwa bei ya nafaka

Oktoba 2021 chupa moja ya wiski iliuzwa kwa mnada mjini Hong Kong kwa dola za Marekani zipatazo 193,000. Ilikuwa ya kwanza kati ya chupa 250 zilizotolewa na Gordon & MacPhail, kampuni ya familia ya mjini Elgin, Scotland, na fedha zake, baada ya kutoa gharama, zilikwenda kwa shirika la kupanda miti. Zilizobaki zilipangiwa bei ya pauni 80,000 kila moja.

Ndani ya chupa hiyo kuna shayiri, maji na hamira, basi. Ni zao lile lile ambalo wakulima wa Narok na Karatu huwauzia watengenezaji wa bia. Kilo moja ya kimea hutoa karibu lita 0.4 za alkoholi safi. Kwa hesabu hiyo, hata ukiongeza kilichopotea hewani, nafaka ya chupa moja haijazi debe. Aliyeilima alilipwa bei ya nafaka, akamaliza.

Kilichouzwa ni muda. Wiski hiyo ilipikwa katika kiwanda cha Glenlivet tarehe 3 Februari 1940, vita kuu ya pili ikiwa imeshaanza, ikakaa ndani ya pipa la mwaloni hadi Februari 2020. Gordon & MacPhail ilianza mwaka 1895 kama duka la vyakula. John Urquhart na mwanawe George walikuwa wakipeleka mapipa yao viwandani yajazwe, kisha wakayahifadhi. Wote wawili walikuwa wamekwisha kufariki pipa hilo lilipofunguliwa.

Sheria ya Uingereza inataka wiski ya Scotland ikae kwenye pipa miaka 3 tu. Kwa nini basi wengi hawangoji 80? Kwanza, karibu asilimia 2 ya pombe hupotea hewani kila mwaka, na kwa kasi hiyo pipa hubaki nusu baada ya miaka 35 hivi. Pili, ukali ukishuka chini ya asilimia 40, haiwezi tena kuuzwa kwa jina la wiski. Tatu, mtaji umelala. Nafuu iliyopo ni kwamba ushuru haulipwi hadi mzigo utoke kwenye ghala la forodha. Bila hiyo, sijui duka gani lingestahimili.

Mwaka 2025 kampuni hiyo ilitoa nyingine ya miaka 85, chupa 125 tu. Lakini mwaka 2023 ilikuwa imeshatangaza kwamba kuanzia 2024 haitajaza tena mapipa kwenye viwanda vya wengine, bali itategemea vyake viwili, Benromach na The Cairn, pamoja na akiba iliyoko ghalani. Duka lililokua kwa bidhaa za jirani limeamua kupika lenyewe.

Bei hizo zimewavuta pia watu wa kipato cha kawaida, wakanunua mapipa kwa kuahidiwa faida nono. Baada ya 2022 bei minadani zilishuka, na mwaka 2025 ilifahamika kuwa Polisi wa Jiji la London walikuwa wakichunguza kampuni kadhaa za biashara hiyo. Baadhi ya wanunuzi waligundua kwamba pipa lao lilikuwa limeuzwa kwa mtu mwingine pia.