Barabara ya magogo inaweza kumlipa mkulima mara mbili

Mkulima wa miti akiambiwa kwamba wapo watu wanaopanda ndege pamoja na baiskeli zao, kwenda kuendesha kwenye barabara ya moramu iliyochongwa kwa ajili ya malori ya magogo, huenda akacheka. Lakini ndivyo inavyotokea kila majira ya joto nchini Finland, katika ukanda wa maziwa wa mashariki na katikati ya nchi hiyo. Biashara hiyo ina somo kwa wakulima wa Mufindi, Njombe, Makete na Kilolo, ambao barabara zao huharibika kila miti inapovunwa.

Finland ni nchi ya misitu na maji. Karibu robo tatu ya ardhi yake ni misitu, na maziwa yake, ukihesabu hata madogo yenye mita za mraba 500, ni takriban 188,000. Saimaa, lililo kubwa kuliko yote, lina kilomita za mraba zipatazo 4,400 na limejaa visiwa na ghuba. Watu wa nchi hiyo hawazidi milioni sita. Matokeo yake ni kwamba katikati ya misonobari, kati ya ziwa moja na jingine, zipo barabara nyingi za moramu ambazo mtu anaweza kuziendesha saa nzima bila kupishana na gari.

Hicho ndicho mgeni anachokifuata. Baiskeli yake si ile nyembamba ya mashindano ya lami wala ile nzito ya milimani. Ni nyepesi, ina usukani uliopinda kwenda chini, breki za diski na matairi yenye upana wa milimita 40 hivi, yanayostahimili kokoto. Kwa siku huenda kilomita 50 hadi 100, akibeba nguo chache kwenye mifuko iliyofungwa kwenye fremu. Hahitaji hoteli kubwa wala lami. Anahitaji njia salama, maji, chakula na mahali pa kulala.

Barabara hizo hazikujengwa kwa ajili yake. Zilijengwa kutoa magogo. Kusini mwa Finland msitu huchukua miaka 60 hadi 80, na wakati mwingine zaidi, kabla ya kuvunwa wote, na katikati hupunguzwa mara mbili au tatu. Kwa hiyo barabara ya msituni hufanya kazi nzito kwa siku chache, kisha hulala kwa miaka. Baiskeli imeingia katika usingizi huo. Lori la magogo likirudi kazini, mwendesha baiskeli ndiye anayepisha.

Swali ambalo mkulima atauliza ni nani analipia greda, na hapo ndipo penye somo lenyewe.

Takriban asilimia 60 ya misitu ya Finland inayozalisha mbao ni mali ya watu binafsi na familia, si ya serikali wala makampuni. Hali kadhalika sehemu kubwa ya barabara ni za binafsi. Serikali kuu inatunza takriban kilomita 78,000, wakati barabara za binafsi na za misituni ni zaidi ya kilomita 300,000. Wenye mashamba wanaotumia barabara moja huunda ushirika wa barabara, huchagua viongozi na kugawana gharama. Utaratibu huo uliwekwa katika sheria ya mwaka 1962, na sheria mpya ilianza kutumika Januari 1, 2019.

Gharama hazigawanywi sawa kwa sawa kwa kila kaya. Hugawanywa kwa uzito unaopita na umbali unaopitishwa. Mfano rahisi ni huu. Mkulima wa kwanza anatoa tani 200 za magogo kutoka kilomita 6 ndani, sawa na tani-kilomita 1,200. Jirani yake anatoa tani 20 za viazi kutoka kilomita 3, sawa na tani-kilomita 60. Wa kwanza atalipa mara 20 ya wa pili. Hakuna anayeonewa, kwa sababu barabara huharibiwa na tani, si na idadi ya watu wanaoishi kando yake.

Aidha, wakati barafu inapoyeyuka na ardhi kulainika, magari mazito huwekewa kikomo cha uzito kwenye barabara za moramu au huzuiwa kabisa kwa muda. Mwenye magogo husubiri. Hasara ya kusubiri wiki chache ni ndogo kuliko gharama ya kujenga barabara upya.

Mwendesha baiskeli hayumo katika hesabu hiyo. Uzito wake na wa baiskeli yake haufikii hata uzito wa tairi chache za lori. Isitoshe, kwa desturi ya siku nyingi inayolindwa na sheria, mtu yeyote Finland anaruhusiwa kutembea na kuendesha baiskeli msituni, hata katika msitu wa mtu binafsi, na kuchuma matunda pori na uyoga, mradi asiingie uani kwa mtu, asikanyage mazao na asiwashe moto bila ruhusa. Nayo barabara iliyopokea ruzuku ya serikali haiwezi kufungiwa wapita njia. Hakuna geti wala tiketi kwa baiskeli.

Sasa mkulima anapata wapi fedha? Anapata kwa kuuza. Anakodisha chumba au kibanda cha mbao kando ya ziwa. Anauza kahawa, mkate, samaki wa kuvuta moshi na matunda. Anakodisha baiskeli, na anatoza chumba cha mvuke ambacho Wafini hawawezi kuishi bila hicho. Katika mji mdogo wa Puumala kwenye ziwa Saimaa, wenye wakazi wapatao 2,000, boti ya majira ya joto huvusha waendesha baiskeli ili waweze kuzunguka njia ya kilomita 60 hivi. Asiye na cha kuuza huwaona wakipita tu.

Ni vyema pia kusema ukweli kwamba fedha hizo ni za nyongeza. Majira ya joto huko ni miezi mitatu. Anayelisha familia bado ni mti, ng'ombe wa maziwa au mshahara.

Katika Nyanda za Juu Kusini, kilimo cha miti cha wakulima wadogo si kigeni. Finland yenyewe ilishirikiana na Serikali ya Tanzania katika programu ya Panda Miti Kibiashara iliyoanza mwaka 2014, na vikundi vingi vya wakulima wa miti viliundwa. Vikundi hivyo vilijifunza mbegu bora, nafasi ya kupanda na kupogolea. Kilichobaki nyuma ni barabara. Mnunuzi hupeleka lori wakati wa masika, linachimba mifereji, kisha anaondoka. Mwenye chai hashindwi kulima, hushindwa kufikisha majani mabichi kiwandani kabla hayajaharibika. Mwenye viazi hupangiwa bei ya chini kwa kisingizio cha njia mbaya, na kisingizio hicho ni cha kweli.

Barabara nyingi za vijijini ni za umma, na tangu mwaka 2017 ziko chini ya wakala wa barabara za vijijini na mijini, TARURA. Wajibu huo wa Serikali usiondolewe kwa kisingizio cha michango. Hata hivyo, njia za ndani ya mashamba, ambazo greda la Serikali halifiki, zinaweza kusimamiwa na vikundi vya wakulima wenyewe. Kijiji kinaweza kutunga sheria ndogo inayozuia malori ya magogo wakati wa mvua kubwa, na mkataba wa kuuza miti unaweza kumbana mnunuzi achangie kwa tani na kilomita kabla lori halijapakia.

Wageni wa baiskeli wanaweza kufuata baadaye. Kenya imekuwa na mashindano ya baiskeli za barabara za vumbi katika eneo la Maasai Mara tangu mwaka 2021, na Mufindi ina misitu, mabwawa na baridi inayofaa. Lakini kikundi kitakachoanza kwa kujenga geti la kutoza watalii kitakuwa kimeanza mwisho. Kianze na mtaro, kalavati na daftari la tani. Hata asipokuja mgeni hata mmoja, viazi vitafika sokoni.