Haki ya Mdogo Haikodishwi: Waraka kwa Wanachama Wote

Ndugu zangu wanachama, kaka na dada wa vizimbani, wa kwenye fremu, wa meza za barabarani na wa majikoni,

Nilitamani waraka huu uwe wa pongezi tupu, maana wengi wenu mmefanya makubwa katika mazingira magumu. Mmesomesha watoto, mmejenga, mmewastiri wazazi uzeeni, na yote hayo yametoka kwenye nyanya, mitumba, vifaa vya simu na sahani za wali. Lakini kiongozi anayewasifu watu wake tu hawatendei haki. Yapo mambo ndani ya umoja wetu ambayo tumekuwa tukiyanong'ona vijiweni na kuyanyamazia mikutanoni, na kimya hicho kimeanza kutugharimu. Nawaandikia kwa huzuni, wala sina hasira na mtu. Naomba kila mmoja asome hadi mwisho, na mwenye macho mabovu asomewe na jirani yake wa meza.

Tukumbushane kwanza tulikotoka. Kwa miaka mingi tumelililia jiji letu la Dar es Salaam mambo manne: mahali pa kuuzia panapopita wateja, mtaji usiotukamua, zabuni ambazo mdogo naye anazifikia, na kulindwa kwa biashara zile ambazo mwananchi wa kawaida anaziweza. Hatukulia bure. Desemba 2018 vilitolewa vitambulisho 670,000 vya wajasiriamali wadogo nchi nzima, kila kimoja kwa shilingi 20,000, kwa yule ambaye mauzo yake hayazidi shilingi milioni 4 kwa mwaka, ili afanye kazi yake bila kufukuzwa huku na kule. Mwaka huohuo sheria ikazibana halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Sheria ya ununuzi wa umma ya 2023 nayo inataka asilimia 30 ya manunuzi ya taasisi za umma itengwe kwa makundi maalumu: vijana, wanawake, wazee na wenye ulemavu. Na Julai 2025 ikatoka amri inayowazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15, zikiwamo biashara ya jumla na rejareja, uwakala wa fedha kwa simu na ufundi simu.

Kila kimoja kati ya hivyo kina kasoro zake, nami nitazifikia. Lakini angalieni vinavyofanana: vyote vinasimama juu ya jina la mtu. Kizimba hutolewa kwa jina. Leseni hukatwa kwa jina. Mkopo huidhinishwa kwa majina ya wanakikundi, na zabuni ya asilimia 30 hutolewa kwa sababu ya watu walioandikwa kwenye cheti. Jiji haliwezi kumsaidia mfanyabiashara mdogo kabla halijamjua ni nani na yuko wapi. Siku tunapomwazima mwingine jina letu, msaada wote hubaki kwenye karatasi, na faida yake humwendea yuleyule tuliyekuwa tukisema anatumeza.

Nianze na vizimba. Fungueni daftari la soko mtaona jina la mwanachama wetu, limeandikwa vizuri, na namba ya kizimba pembeni. Nendeni kizimbani mtamkuta kijana wa mshahara, na mzigo ni wa bwana mwenye maghala, ambaye ana vizimba vingine kwenye mstari huohuo, kila kimoja kwa jina la mtu mwingine. Mwenye jina yuko nyumbani Chanika anasubiri kodi ya mwisho wa mwezi. Ushuru anaolipa kwa jiji ni mdogo kuliko kodi anayopokea, na hiyo tofauti ndiyo anayoiita biashara. Wengine wamekwenda mbali zaidi. Wamepokea kilemba, wakakabidhi funguo, fedha ikaisha katika miezi michache, na leo wametandika bidhaa chini kando ya barabara, wakilalamika kwamba jiji halina nafasi kwa wamachinga. Ndugu zangu, nafasi ilikuwapo. Iliuzwa, na muuzaji ni sisi.

Madhara yake tumeyaona kwa macho. Mnakumbuka moto wa Julai 10, 2021 kwenye soko la Kariakoo, jengo lililochorwa na Mtanzania mwenzetu, Beda Amuli. Serikali ilitoa fedha, soko likakarabatiwa na jipya likajengwa pembeni yake. Ilipofika 2024 na majina ya wanaostahili kurudi kutangazwa, malalamiko yalizuka kuhusu nani yumo na nani ameachwa. Sisemi kila aliyeachwa aliachwa kwa haki. Nasema tu kwamba penye mwenye jina na mwenye mzigo ambao ni watu wawili tofauti, ni vigumu kujibu nani hasa alikuwa mfanyabiashara wa pale. Afisa mwenye nia mbaya hujificha ndani ya swali hilo, na afisa mwenye nia njema hukosa jibu.

Jambo la pili linaniuma zaidi. Wapo kati yetu wanaokata leseni na kuchukua TIN kwa majina yao, kisha duka likaendeshwa na mgeni kuanzia mlangoni hadi kwenye droo ya fedha. Wao huchukua posho ya mwezi na kuitwa wabia. Tuliandamana na hoja hii ofisi kwa ofisi, tukiomba rejareja iachwe mikononi mwa wananchi. Amri ya 2025 ilipotoka tulishangilia. Basi tusijifanye hatujui kwamba amri hiyohiyo inamtaja na raia anayemsaidia asiye raia kuikwepa: faini ya shilingi milioni 5 au kifungo cha miezi mitatu. Na nisieleweke vibaya hapa. Mgeni si adui yetu. Kariakoo inaishi kwa wanunuzi wanaotoka Kongo, Zambia, Malawi na Komoro, na wengi wetu tunaagiza mzigo Guangzhou kwa watu wanaotupokea vizuri. Asitukanwe mtu wala asisukumwe mtu kwa sababu ya asili yake. Kwa jina lililoazimwa, namlaumu mwenye jina.

La tatu ni mikopo ya asilimia 10. Aprili 2023 mikopo hiyo ilisimamishwa nchi nzima, baada ya Mkaguzi Mkuu kuanika vikundi hewa na fedha zilizotoka bila kurejeshwa. Ilirudi 2024 kwa utaratibu mpya. Hebu tujiulize nani aliumia katika kipindi kile cha katikati. Walioandika majina ya shangazi na mashemeji, wakagawana fedha siku ileile na kutawanyika, hawakuumia. Aliyeumia ni dada yetu mama lishe ambaye kikundi chake kilikuwa halisi, kimefungua akaunti, kimeandika mchanganuo, na zamu yake ilikuwa imekaribia. Aliambiwa arudi nyumbani. Watoto wanataka ada, mchele umepanda bei, na mlangoni amesimama mkopeshaji wa kausha damu. Kwa wakopeshaji hao wapo walioacha jokofu, magodoro na hata vyombo vya kazi. Mwenzetu aliyekula marejesho alidhani anaiibia serikali. Fedha ile ilikuwa ya mama huyu, alikuwa hajaipokea tu.

Kuhusu zabuni sitasema mengi, maana mnajua. Kikundi kinashinda kazi ya kushona sare au ya usafi kwa sababu ni cha vijana au cha akina mama, kisha kinaikabidhi kwa kampuni kubwa na kubaki na fungu dogo la kusaini hati. Mwaka unaofuata hakuna cherehani iliyoongezeka wala fundi aliyefunzwa. Ofisi iliyotoa kazi ikiuliza kama makundi maalumu yamekua, jibu ni kwamba yamesaini.

Najua mtakachoniambia, na nakisikiliza kwa uzito wake. Mtasema: Mwenyekiti, maisha yamebana, mtaji umekatika, kodi ya kizimba inanilisha. Ni kweli, na sitamkejeli mtu kwa njaa yake. Lakini tupige hesabu pamoja. Tuseme unapokea shilingi 300,000 kila mwezi. Fedha hiyo haikui. Aliyekalia kizimba chako, yeye anakua: wateja wanamzoea kwa jina, wenye mzigo wanamwamini na kumpa mali kauli, mauzo yake yanapita benki na kumfungulia mkopo. Baada ya miaka mitano ana duka la pili na la tatu, nawe una 300,000 ileile, ambayo haitanunua tena ulichokuwa ukinunua. Siku akihama, kizimba kitarudi kwako bila mteja hata mmoja, maana mteja ni wa anayemhudumia. Na ukizungumza na mwanao kuhusu biashara, hutakuwa na cha kumfundisha.

Jiji nalo lina wajibu wake, na sitauficha ili waraka huu uonekane wa adabu. Jengo la Machinga Complex pale Ilala lilijengwa kwa mkopo mkubwa, likakaa miaka na vizimba vitupu, kwa sababu mteja hapandi ghorofa kufuata soksi anazozikuta kituo cha daladala. Mahali pa mdogo hupangwa kwa kufuata njia ya miguu ya watu, na wanaozijua njia hizo ni sisi, tuulizwe kabla ya michoro. Orodha ya wenye vizimba ibandikwe ukutani, kila mtu aisome. Mikopo itoke kabla ya msimu, maana fedha ya sare za shule ikitoka Machi haina kazi. Malipo ya zabuni yafike kwa wakati, kwa sababu kikundi cha washonaji hakina akiba ya kusubiri miezi sita. Leseni, ushuru na kodi vielezwe mahali pamoja na kwa lugha moja. Na mgambo asiwe ndiye sura pekee ya jiji ambayo mama muuza ndizi anaifahamu.

Haya yote tunaweza kuyadai, na tukasikilizwa. Mnajua nguvu yetu. Mei 2023 Kariakoo ilipofunga maduka kupinga usumbufu wa kikodi, Waziri Mkuu alikuja kutusikiliza, na Juni 2024 milango ilipofungwa tena serikali ilikaa mezani na wafanyabiashara. Tulisikilizwa kwa sababu madai yalikuwa ya kweli na waliokuwa wakidai walikuwa wafanyabiashara wa kweli. Nauliza, tukienda kesho kudai vizimba zaidi, na mkurugenzi akafungua daftari akatuuliza wangapi kati yetu wanauza katika vile tulivyokwisha kupewa, nani atasimama kumjibu? Ukuta wenye nyufa hauangushwi na mvua ya siku moja, lakini kila mvua huupunguza.

Kwa hiyo uongozi unawaomba haya, nasi tutaanza wenyewe. Majina ya viongozi wote, pamoja na namba za vizimba, fremu na vikundi vyao vya mikopo, yatabandikwa kwenye ubao wa kila tawi. Mwanachama aliyekodisha kizimba aje azungumze na viongozi wa tawi lake kabla ya mkutano mkuu ujao. Hatatangazwa wala kuaibishwa. Tutakaa naye tuone namna ya kumaliza makubaliano hayo na kumrudisha kazini, ikiwa ni pamoja na kumtafutia mzigo wa kuanzia kwa wenzake wanaomwamini. Mgonjwa, mzazi aliyejifungua na mfiwa hawahesabiwi humo. Hao waandikishe wazi ndugu wa kuwashikia nafasi, kwa muda unaojulikana, ofisi ya soko ikiwa na taarifa. Aliyemwazima mtu leseni yake airudishe mikononi mwake sasa, kabla sheria haijamfuata. Waliokwama marejesho wasizime simu, waende kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata waombe kupangiwa upya. Viongozi watawasindikiza. Na kwa wale walio imara nasema hivi: mkimwona mwenzenu anakaribia kukabidhi funguo kwa sababu ya shida, msimcheke. Mwiteni kwenye kikoba. Umoja huu ulianzishwa kwa ajili ya siku kama hiyo.

Ndugu zangu, sijapoteza imani nanyi. Wengi wenu hamjawahi kumwazima mtu jina lenu, na kwa uaminifu wenu umoja huu bado unaheshimika mbele ya jiji. Mwenye kizimba asimame kizimbani kwake. Mwenye leseni ashike daftari lake mwenyewe. Mwenye deni alipe ili mwenzake akope. Tukifanya hivyo, tutakwenda mbele ya jiji tukidai haki yetu kwa sauti kamili, na hakuna atakayeweza kutuuliza sisi ni akina nani.

Ndugu yenu katika kazi,
Mwenyekiti